Kibao cha Kwa Bubu

Nyeri,
3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumai u mzima na mgongo umepoa. Barua hii anakuletea Hafiz, kaka yake Rehana ninayefanya naye kazi redioni. Hafiz huja Mwea kila wiki kununua mchele wa kuuza hapa Nyeri, na amekubali kupita kwako. Ningeweza kutuma ujumbe kwa simu, lakini jambo lenyewe ni refu, na wewe na mimi tumezoea karatasi tangu nikiwa shule ya bweni.

Nilipotoka kwako Jumapili ile ya mwezi uliopita niliona kile kibao kipya cha kijani barabarani, pale steji mbele ya karakana yako. KWA BUBU. Herufi kubwa nyeupe. Nilisimama chini yake mpaka gari la pili likaniacha. Miaka yote hiyo lilikuwa neno la midomoni tu, la makanga wa matatu na wauza ndizi. Sasa kuna mtu aliyekaa ofisini akaliandika, mwingine akalipaka rangi, wa tatu akachimba shimo na kumwaga saruji, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza huyo bubu ni nani, au kama ana jina.

Nimeandika ombi kwa bunge la kaunti, Kerugoya. Watu mia mbili na kumi na mmoja wametia sahihi. Tunaomba kibao king'olewe, na neno hilo lisionekane tena katika maandishi ya serikali. Nimeeleza kwamba wewe ni mtu mwenye changamoto ya kusikia, fundi wa baiskeli anayeheshimika, na kwamba hukuchagua kuitwa hivyo. Alhamisi nitalizungumzia katika kipindi cha asubuhi.

Nilitaka uyajue haya kutoka kwangu, si kwa watu wa steji.

Binti yako,
Beth


Kutus,
9 Machi 2025

Mama,

Nakuita mama kila siku kwa sababu una jina la mama yangu, Muthoni, lakini leo nakuita hivyo kwa ukali kidogo.

Ungeniuliza kwanza. Unasema ulitaka niyajue kutoka kwako, lakini watu mia mbili na kumi na mmoja waliyajua kabla yangu. Hafiz alifika Jumamosi, na Muchiri alikuwa amenifikia Ijumaa. Unamkumbuka Muchiri, mwenyekiti wa wanabodaboda. Alisimama mbele ya meza yangu akaandika kwenye simu yake: "Mzee, binti yako anataka nini na sisi?" Kikundi chao kinaitwa Kwa Bubu Boda Boda. Jina hilo liko mgongoni mwa kila kizibao cha njano pale steji. Nilimwandikia kwamba nitakuuliza. Akatingisha kichwa, na tangu siku hiyo hainui mkono akipita.

Kibao nilikiona kikisimamishwa. Wale wafanyakazi walikosa spana ya namba kumi na saba, wakaja kuazima kwangu. Spana iliyokaza zile nati ni yangu. Ninakuambia ili usidhani sikuona.

Sasa nisikilize vizuri. Nyinyi mnaosikia, jambo baya huwafikia kutoka mbali. Mnasikia mbwa, mnasikia lango, mnasikia watu wakinong'ona, mnapata nafasi ya kusimama. Mimi jambo hunifikia likiwa limeshafika. Nina miaka hamsini na minane, na hamsini kati yake nimeishi kwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu ana sababu ya kunijia kwa nyuma. Watu wakiniita bubu, siwasikii. Wakinichukia, sitasikia pia, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Liondoe hilo ombi.

Baba yako,
Gathogo


Nyeri,
17 Machi 2025

Baba,

Nimesoma barua yako mara nne. Ninakuomba radhi kwa kutokuuliza. Lakini siwezi kuliondoa, na nitakueleza kwa nini.

Kipindi cha Alhamisi kilianza vizuri. Mama mmoja wa Othaya alipiga simu, akasema mwanawe ana miaka tisa na hata mwalimu humwita "wewe kiwete", akalia hewani. Baadaye akapiga mchungaji, akasema bubu na viziwi wamo katika Biblia, na je, nataka kuisahihisha Biblia? Mwingine akasema leo ni bubu, kesho tutakatazwa kusema mfupi, mnene, kipara. Nilicheka. Nikasema, "Anayetetea neno ni yule ambaye halijawahi kumpata." Mtu akarekodi maneno hayo peke yake, akayaweka mtandaoni na picha yangu, akaandika kwamba mtangazaji wa redio anawatukana watu wa mashinani. Kufikia jioni yalikuwa yamesambaa hadi kwa watu nisiowajua.

Simu nimeizima. Siwezi kukuandikia yaliyomo. Jumamosi mtu alituma picha ya lango langu, rangi yake ya bluu na kufuli yake. Hakuandika kitu chini yake. Rehana akasema nisirudi pale, na sasa nalala kwao Majengo, chumba kimoja naye na mama yake. Wamefunga Ramadhani. Jioni nakaa nao kwenye futari, ninakula tende huku nikitazama mlango.

Baba, nenda kwa tata Monicah Kerugoya, ukae kwa dada yako wiki mbili tu. Usiniulize sababu. Funga karakana, waambie watu unaumwa mgongo. Ninakuomba.

Beth


Kutus,
24 Machi 2025

Mama,

Pole kwa hayo. Kaa kwa hao watu wa Rehana na uwasaidie kazi za nyumba, usikae kama mgeni.

Kuhusu Monicah, sitaenda. Nina baiskeli kumi na moja za watu hapa. Mvua imeanza kutishia na watu wa mashamba ya mpunga wanataka mizigo yao itoke kabla njia hazijawa tope. Unaniandikia "usiniulize sababu" kama mtu anayemwambia mtoto ale dawa. Nilikulea bila kusikia hata kilio chako kimoja. Nilikuwa nalala na mkono juu ya kifua chako ili nijue ukilia. Sasa wewe ndiye unayenipangia pa kulala?

Hapa ni shwari. Nimegeuza meza ya kazi ili nitazame barabara, kwa sababu ya mwanga. Nimefunga vioo vitatu vya pikipiki ukutani, vinasaidia pia. Mbwa amekufa. Alikuwa mzee.

Usijisumbue na mimi.

Gathogo


Kutus,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa Dada Beth,

Mimi ni Muchiri wa steji. Nimejaribu simu yako, imezimwa, kwa hivyo hii barua napatia dereva wa Nyeri aipeleke mpaka redio. Kwanza mzee yuko hai. Hiyo ndio ya kwanza, uisome mara mbili. Ako hospitali Kerugoya, amechomeka mikono na bega, na moshi iliingia kifua. Daktari amesema atapona.

Ni karakana imechomwa. Ilikuwa saa sita mchana, watu wengi wako kanisa. Mimi nilikuwa steji na Mwai peke yetu. Tukaona moshi nyuma ya karakana, kwa ile stoo ya matairi. Tukakimbia. Mlango ya mbele ilikuwa imefungwa na waya kutoka nje. Sikia hiyo, dada. Kutoka nje. Na yeye ako ndani, ameinama nyuma ya mabati anarekebisha rimu, hajui kitu, moshi ilikuwa bado iko nje.

Sasa nikuambie kitu imenikalia vibaya. Mtu akiwa ndani ya moto unamwita. Hata kama unajua hasikii, mdomo inaita yenyewe. Tulikuwa tunapiga mabati na mawe na tunapiga nduru, "Bubu! Bubu! Toka!" Nimemjua miaka kumi na sita. Amenitengenezea baiskeli nikiwa sina kitu. Na siku anachomeka, hiyo ndio jina niko nayo kwa mdomo. Ni karani wa hospitali aliniuliza mgonjwa anaitwa nani, nikapata sijui. Nilikuwa na haya. Nikatoa kitambulisho kwa mfuko yake ndio nikasoma.

Tulitoboa mabati na mtaimbo kando ya stoo. Mwai ndiye aliingia. Mzee alipomuona kwanza alimpiga na spana, alidhani ni mtu mbaya. Halafu akaona moto, na ikamchoma wakitoka.

Dada, si sisi. Najua utafikiria ni sisi kwa sababu ya maneno ya kibao. Nilikuwa nimekasirika, sikatai. Lakini si sisi. Kuna watu wawili walikuja na pikipiki haina namba, Nderitu wa kibanda cha chai aliwaona. Polisi wameandika.

Kuja haraka.

Muchiri


Kerugoya,
16 Aprili 2025

Mama,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia. Monicah anataka kuniandikia lakini hataandika ninachosema, ataandika anachofikiri ninapaswa kusema.

Ulipokuja hospitali tuligombana mbele ya wagonjwa, wewe kwa vidole na mimi kwa karatasi. Nakumbuka uso wako uliponionyesha ile picha kwenye simu. Mgongo wangu, nimeinama juu ya baiskeli, mpigaji amesimama karibu kiasi kwamba kivuli chake kimelala juu ya shati langu. Na maneno chini yake: "Huyu hata hatasikia." Uliipata tarehe kumi na sita Machi, ukaniandikia tarehe kumi na saba, na hukuitaja.

Nilikasirika sana. Lakini baada ya wewe kuondoka nililala nikifikiri, na mimi pia nina ya kusema. Mbwa hakufa kwa uzee. Nilimkuta asubuhi na povu mdomoni, na kipande cha nyama kando ya lango. Ujumbe ulikuwa ukija kwenye simu yangu tangu tarehe ishirini, nikaifunga kwa kitambaa nikaiweka ndani ya debe la grisi, kana kwamba nisipoiona haitakuwepo. Vile vioo havikuwa vya mwanga. Nilikuwa naviweka ili nione nyuma yangu. Siku ile ya moto nilikuwa nimeingia stoo, ambako hakuna kioo.

Tulifichana kitu kile kile, kila mmoja akimlinda mwenzake.

Sasa kuna jambo. Kamati inakaa tarehe ishirini na tisa. Nimeomba mtu wa lugha ya ishara na nitaenda. Nimelisoma ombi lako kwa mara ya kwanza kwa utulivu, na kuna mahali sikubaliani nawe. Umeandika kwamba nina changamoto ya kusikia. Sina. Mwenye changamoto ni mtu anayejaribu. Mimi sijaribu kusikia, niliacha nikiwa na miaka minane homa ya uti wa mgongo iliponishika. Mimi ni kiziwi. Hilo ndilo neno letu, tulilitumia shuleni sisi wenyewe, na wenzangu bado wanalitumia. Bubu ni jambo lingine. Bubu anaambiwa hana sauti. Neno la kwanza umelifunika kwa kitambaa kwa sababu unalionea haya, na la pili umeliona sawasawa. Nitalikata lako niandike langu.

Gathogo


Nyeri,
21 Aprili 2025

Baba,

Kata, andika kiziwi, andika chochote, lakini usiende.

Nimeandika barua ya kuliondoa ombi. Imo katika bahasha hii, inangoja tu useme ndiyo, nami nitakuja kuichukua niipeleke mwenyewe. Ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo. Mimi nilikuwa naongea kutoka studio yenye mlinzi mlangoni, na wewe ulikuwa karakana yenye mlango uliofungwa kwa waya. Nilipanga maneno mazuri, na mtu mwingine ndiye aliyeungua.

Mmoja wa wale wawili amekamatwa Kagio. Wa pili hajulikani. Nimewaza jinsi ukumbi ule ulivyo: watu watakaa mbele yako, kando yako na nyuma yako. Nyuma yako, Baba. Tata Monicah hawezi kutazama pande zote. Usiku silali. Rehana akigusa mlango nashtuka, na anagusa taratibu. Kazini wamenipa likizo, wakasema ni kwa faida yangu. Sitaki kibao king'olewe tena. Kibaki hapo miaka mia. Ninataka uzeeke.

Ukiweza, nijibu neno moja tu.

Beth


Kerugoya,
30 Aprili 2025

Mama,

Sikukujibu kwa sababu ungekuja kunizuia. Barua yako ya kuondoa ombi niliichana. Nisamehe.

Nilienda. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba Monicah alilazimika kunifunga vifungo vya koti. Muchiri alitubeba na pikipiki mbili, yeye na Mwai, na mle ukumbini wakaketi viti viwili nyuma yangu wenyewe bila kuombwa. Wakavua vile vizibao vyao mlangoni.

Mtafsiri anaitwa Lynn, msichana mwembamba mwenye mikono safi, namaanisha mikono inayosomeka. Watu walisema mengi. Mmoja alisema jina ni historia. Mwingine alisema kaunti ina mashimo barabarani na sisi tunajadili rangi kwenye bati. Mmoja alisema huyu mzee mwenyewe hajawahi kulalamika. Lynn alinitafsiria yote na hakupunguza, nikamheshimu.

Kisha mwenyekiti akauliza kama neno hilo linaniumiza mimi binafsi. Nilikuwa na karatasi. Lynn alikuwa tayari kutazama mikono yangu, lakini mikono hii ina makovu mapya, vidole havikushikana vizuri. Nikaishusha. Nikafungua mdomo.

Sijasema mbele ya watu kwa miaka ishirini. Nilisema hivi: "Ninaitwa Gathogo wa Ngatia. Ni kiziwi. Nilijifunza kusema kabla sijaugua, na bado nasema. Walifunga mlango wangu kwa waya. Mnanisikia?"

Nikaona midomo yao. Wengi walisema ndiyo. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Baadaye nilimwuliza Lynn kama kuna aliyecheka. Akasema wawili. Nikamwambia asinionyeshe ni nani.

Kamati imeamua kibao kiondolewe ndani ya siku thelathini. Walipendekeza waandike Kwa Gathogo. Ukumbi ukapiga makofi, nikaona mikono. Nikakataa. Yule wa pili hajakamatwa, na jina langu likiwa pale juu hatahitaji kuuliza njia. Walinitazama kama mtu asiye na shukrani. Muchiri akasimama akasema basi iandikwe Steji ya Baiskeli, na hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Usidhani baba yako amekuwa jasiri. Nimerudi kwa Monicah nikalala mgongo ukiwa umegusa ukuta. Jumatatu nitarudi Kutus, wanabodaboda wameshasimamisha nguzo nne na mabati, na nitavifunga vioo vile vile, sasa vitano.

Lakini nina swali, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwuliza. Sauti yangu ikoje? Wale wawili walicheka nini?

Gathogo


Nyeri,
4 Mei 2025

Baba,

Nitakujibu, lakini kwanza lazima niseme jambo ambalo najua unalikumbuka na hujawahi kunitajia.

Nilikuwa darasa la sita. Beatrice na wenzake wawili walikuja kuazima kitabu. Wakati huo pale barabarani paliitwa Kwa Fundi, na wewe ulikuwa unaongea na kila mtu: wateja, makanga, mama wa ndizi. Ulitoka karakana ukawakaribisha chai. Beatrice akacheka, akaigiza sauti yako, na wenzake wakacheka. Walipoondoka nilichukua kipande cha karatasi nikakuandikia: "Baba, tafadhali usiongee watu wakiwepo." Uliisoma. Ukaikunja mara mbili, ukaitia mfuko wa shati, ukarudi kazini. Sikuisikia sauti yako tena nje ya jiko letu. Mwaka uliofuata makanga walianza kusema Kwa Bubu.

Nilisimama chini ya kile kibao mpaka gari la pili likaniacha kwa sababu nilijua mwandiko wake ni wangu. Nikatafuta sahihi za watu mia mbili na kumi na mmoja, nikaenda redioni, nikawalaumu wenye ofisi na wenye rangi na wenye saruji. Sikuweza kukuuliza kwanza, kwa maana ungeweza kuniuliza ni nani aliyeanza.

Wale wawili walicheka kile alichocheka Beatrice. Sauti yako ni kubwa kuliko chumba. Inapanda pale ambapo za wengine zinashuka, na maneno mengine unayaburuta kama mtu anayevuta baiskeli yenye pancha. Mtu asiyekuzoea hushtuka. Mtu aliyekuzoea huelewa kila neno. Jina langu unalivuta mwishoni, Muthoniii, kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na nilipokuwa mdogo nilidhani hivyo ndivyo jina langu linavyotamkwa, nikashangaa shuleni walipolisema kwa ufupi.

Jumamosi nitakuja. Bado ninaogopa, Baba. Nitaogopa nikiwa kwenye gari, nitaogopa nikishuka, na nitatazama kila pikipiki isiyo na namba. Watu watakuwa wengi saa hiyo, ni siku ya soko. Ukiniona ndani ya vioo vyako, geuka, usinipungie mkono na usiniandikie kitu. Niite. Niite kwa nguvu zako zote, steji nzima isikie.

Muthoni wako